Naomba ushauri: shule inajengwa juu yetu, maji yote yatashukia kwangu

Wakuu, habari za leo. Niko Kigoma mjini, kwenye mteremko wa kushuka ziwani. Juu yetu inajengwa shule binafsi ya ghorofa. Wamekwangua kilima chote, mtaro hakuna. Mvua za Novemba zikichanganya, ule udongo mwekundu unaingia sebuleni. Shule tunaitaka jamani, wanetu ndio watakaosoma hapo! Shida ni maji. Msimamizi kila tukimuuliza anasema "subirini".

Najua kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) wapo. Tuanzie kwa mhandisi wa manispaa au twende NEMC moja kwa moja? Barua iwe ya majirani wote? Na nyufa zilizokwishaanza ukutani, picha zinatosha au nimwite mthamini?