Naomba ushauri: plasta ya saruji yabanduka na mawe ya ngome
Asalaam aleikum mafundi. Ukuta wa ngome kongwe huku Pemba, mawe ya matumbawe kwa chokaa na udongo, unene sentimita 60, ulipigwa plasta ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea. Ukigonga unalia kama mtungi mtupu. Plasta ikibanduka huondoka na uso wa jiwe, nyuma yake chumvi nyeupe kama unga.

Nakusudia kuibandua kwa patasi (mashine itaumiza matumbawe), ukuta ukauke, kisha chokaa iliyorowekwa miezi 3, kipimo 1 kwa mchanga 3, tabaka zisizozidi milimita 10, zifunikwe magunia yaliyorowa wiki nzima. Mchanga wa pwani sigusi.

Je, mita ya chini nichanganye unga wa matofali ya kuchoma? Na chumvi iliyomo niitoe vipi kwanza?