Kwa nini kila uchawi ni Pemba? Na wenzetu wa nchi nyingine wao hawana?

Binti_wa_Konde

Asalaam alaykum jamani. Mie kwetu Konde, Pemba, saa hizi nafanya kazi hapa Mjini. Kila nikijitambulisha kuwa Mpemba basi lazima atokee mmoja, dada usinroge, dada ungo wako umeuegesha wapi. Zamani nlikuwa nacheka nao, sasa siwezi na ntakuelezeni sababu.

Babu yangu alikuwa akiandika makombe. Nlikuwa mdogo nakaa miguuni kwake namuona anavoroweka zafarani, anachovya kijiti, halafu ile sahani nyeupe anaizungusha polepole na aya zinajipanga duara duara mpaka katikati, anamalizia kwa marashi ya mawaridi anaosha, mgonjwa anakunywa bismillahi. Basi. Sijaona tunguri mie wala kuku mweusi kwa babu. Alipofariki bibi akabaki na zile sahani kabatini. Baadae mtoto wa jirani akapata degedege, akafa masikini. Sijui nani wa mwanzo kusema, ila hazikupita wiki mbili mtaa mzima unasema bibi ni mwanga na sahani zile ndo chombo chake. Tukasoma hitma ya babu ya mwaka, tumepika masufuria matatu ya pilau, mawili yamerudi ndani hayajaguswa. Bibi alikaa pale mkekani na kanga yake kichwani, anaangalia mlango tu.

Sasa naomba wanaojua. Jina hili la Pemba limetoka wapi? Na wenzetu huko duniani uchawi kwao ukoje, au ni sisi tu?

Mzee_wa_Wete

Waalaykum salaam mwanangu, pole sana na mpe pole bibi.

Kwanza watu waache kuchanganya. Mganga ni mmoja na mchawi ni mwengine. Mganga anaagua, anapiga ramli, anatoa hirizi, anapunga pepo, anaandika kombe kama babu yako, na mlango wake uko wazi mchana watu wanamuona. Mchawi anadhuru kwa siri. Na mwanga ndo yule anasemwa anatoka usiku uchi anacheza makaburini na wenzake, wanakutana Giningi, na ukiuliza Giningi iko wapi hakuna aliyefika, kila mtu kahadithiwa na mtu. Tatizo ni kuwa mganga akisifika sana basi watu wanasema anayejua kufungua si anajua na kufunga? Hapo ndo Pemba ilipoponzeka kwa mawazo yangu. Watu walikuwa wakija kutoka bara na Mombasa kutibiwa kwetu, wakirudi kwao wanatia chumvi. Hata wazungu, yule mwandishi Evelyn Waugh wa Uingereza kwenye kitabu chake cha safari cha 1931 alishaitaja Pemba kwa uchawi, na huyo alikuwa mpita njia.

Halafu likaja la Popobawa 1995, lile jini linalosemwa linavamia watu usiku wamelala majumbani. Mie nlikuwepo. Lilianzia kwetu Pemba likavuka Unguja, ikawa hakuna anayelala ndani, tunalala nje uwanjani tumebanana, moto unawaka, wanawake na watoto katikati, mbwa akibweka tu watu mia wanasimama. Na mwaka ule ule mwezi wa kumi ndo ulikuwa uchaguzi wa mwanzo tangu vyama vingi kurudi, nyoyo zishakuwa juu tangu mapema. Wengine wanaona ndo mzizi wake, mie nasema hofu ilikuwepo kabla ikapata sura. Lakini linalonikaa rohoni mpaka leo ni kuwa huko Unguja mjini kuna mtu mgonjwa wa akili watu walimdhania ndo yeye, wakampiga mpaka akafa. Popobawa hakuna aliyemkamata. Aliyekufa ni mgonjwa.

Ticha_Fasihi

Dada hili si letu peke yetu wallahi, kila taifa lina Giningi yake.

Skuli tulisoma Macbeth ya Shakespeare, wachawi watatu kwenye mvua na radi. Ile imeandikwa wakati mfalme wa Uingereza ni James wa Kwanza na huyu mfalme mwenyewe alishaandika kitabu kizima kuhusu wachawi mwaka 1597, yani uchawi ulikuwa mambo ya ikulu na mahakama. Wakavuka nao bahari mpaka Marekani, kule Salem 1692 watoto wa kike wakaanza kupata vifafa na kupiga makelele, daktari kakosa ugonjwa, basi wakaanza kutaja majina. Watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akarundikiwa mawe kifuani mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Mtoto kaanguka kifafa jirani kakamatwa, si ndo hiyo hiyo ya bibi yako? Uingereza walikuja kugeuza sheria 1735, ikawa kosa si kuroga tena, kosa ni kujidai unaroga.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Waazande wa pande za Sudan Kusini, aliandika Evans-Pritchard, mtaalamu Mwingereza wa mila za watu, 1937. Wanakaa chini ya ghala la nafaka wanapata kivuli, ghala linaanguka linaumiza watu. Wanajua vizuri kabisa nguzo zimeliwa na mchwa, si wajinga. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile na fulani kakaa pale? Hapo ndo wanaposema uchawi. Mie niliposoma hivyo nikamuona mama yangu kabisa, maana naye anajua mbu ndo analeta malaria lakini atakuuliza mbona mbu kamuuma huyu akamwacha yule.

Na sisi wenyewe tuna mwandishi wetu wa riwaya Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Makunduchi. Kwenye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, maiti inakutwa karibu na mzimu, watu washapata jibu lao tayari, mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake anauliza maswali mpaka mkono wa binaadamu unaonekana. Tafuta na Kisima cha Giningi, jina tu linakwambia.

Abuu_Swabri

Ticha umesema vizuri lakini tusije tukavuka mpaka tukasema uchawi haupo. Upo, Qur'an imetaja, Baqara aya ya 102 habari ya Harut na Marut kule Babil, na kwenye Falaq tunajikinga na wanaopuliza mafundoni. Mie naamini hivyo na sitoona haya. Ila kuamini kuwa upo si ruhusa ya kumnyooshea kidole bibi wa watu. Umemuona? Una shahidi? Huna, basi ni dhulma, na aliyemsingizia ana deni kwake mpaka aende akamuombe radhi. Kuhusu kombe mashekhe wanakhitalifiana, sitaki tulifungue hapa.

Nesi_Chake

Mie niko wodi ya watoto, naomba niseme moja tu kwa vile limenigusa. Degedege watu wanasema ni lile dege limempitia mtoto usiku, au jini. Tunaloliona sisi mara nyingi ni homa imepanda kwa ghafla, au malaria kali imefika kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Mtoto akianza kukakamaa na macho yamegeuka mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mkimbilie hospitali saa ile ile. Nshapokea mtoto kapelekwa kwanza kufukizwa nyumba mbili, kaletwa siku ya tatu, ana masizi ya ubani kwenye nywele. Mama yake anamtaja wifi yake mpaka povu linamtoka. Ukitaka mtoto wako afukizwe sikukatazi, lakini tuanze sisi.

Binti_wa_Konde

Nimesoma zote na nimelia kidogo. Kaka Abuu suala la radhi nimempigia mjomba nikamsomea maneno yako kwenye simu, kanyamaza kisha kasema ataenda kwa baba wa yule mtoto baada ya Ijumaa, yeye na shehe wa mtaa. Nesi, yule mtoto nae walimuweka ndani siku mbili. Hakuna aliyelisema hilo, lilisemwa la sahani tu.

Sahani nimezichukua, ziko kwangu hapa Mjini. Moja bado ina rangi ya zafarani ukingoni, haitoki.