Zoni kwenye mtoano wa NBA: mbinu kweli au kuishiwa?

Mdunguaji_Kona: Wakuu, nisaidieni. Timu ya kikapu inakaba mtu kwa mtu msimu mzima, ikifika mtoano na kuzidiwa, kocha anageukia zoni 2-3, yaani kila mtu analinda eneo: wawili mbele, watatu nyuma karibu na kikapu. Mimi naona ni kuwagawia warushaji wa pointi tatu nafasi za bure. Wanachokitafuta ni nini?

Babu_Ribaundi: Mkuu, mtoano mnakutana hadi mara saba. Kufika mechi ya tatu kila mtu keshajua nani kwenu ni mzito wa miguu. Basi anaandamwa huyo huyo: wanaleta skrini (mwenzao anasimama kumzibia beki njia), mnabadilishana watu wa kukaba, nyota wao anabaki naye. Kwenye zoni kila mtu analinda eneo lake, kwa hiyo yule mzito hawamvuti kirahisi.

Dallas 2011 ndio darasa. Rick Carlisle alikuwa na Jason Kidd wa miaka 38 na kijana mfupi, J.J. Barea, ila nyuma yao kasimama senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, Tyson Chandler. Hawakukaa zoni mechi nzima. Walikuwa wanaingia na kutoka, Miami ya LeBron na Wade inaanza kufikiri badala ya kucheza. Fainali ikaisha 4-2 kwa Dallas. Na kocha wa Miami siku zile? Erik Spoelstra. Mwaka 2020 yeye ndiye aliyeibana Boston kwa zoni kwenye fainali ya Mashariki, naye akashinda 4-2. Tena aliigeuza: juu, mbali na kikapu, aliweka watu wa mikono mirefu kama Jimmy Butler na Andre Iguodala, wale wadogo akawashusha pembeni.

Mtoto_wa_Baseline: Babu, mbona Nick Nurse, kocha wa Toronto, alimpa Curry wa Golden State boksi-na-mmoja (mmoja anamkaba yeye tu, wanne wanalinda maeneo) mechi ya pili ya fainali 2019 na bado Toronto ikafa 109-104?

Babu_Ribaundi: Ilikufa, lakini Golden State walikaa zaidi ya dakika tano za mwisho bila kikapu, mpaka Iguodala alipotupia ile tatu. Angalia pia wakati: Klay Thompson, mrushaji wao mwingine, alishatoka majeruhi, na nyota wao Durant hayupo. Nurse alihesabu warushaji waliobaki ndipo akathubutu. Klay angekuwa uwanjani, ule ungekuwa wazimu.

Mdunguaji_Kona: Sawa. Sasa ukikutana nayo unaivunjaje?

Babu_Ribaundi: Usizungushe mpira huko nje, ndicho wanachotaka. Mpe mtu anayejua kupasi, asimame kwenye mstari wa mitupo huru. Senta akipanda kumfuata, kuna mwenzako nyuma yake chini ya kikapu. Asipopanda, rusha hapo hapo. Halafu peleka watu kwenye ribaundi (kugombea mpira uliokosa kikapu), maana kwenye zoni beki hana mtu maalumu wa kumzuia, anageuka na kukuta mgongo wako. Na NBA senta anayelinda haruhusiwi kuganda ndani ya eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. Akiganda, mnapewa mtupo huru mmoja na mpira unabaki wenu.

Mtoto_wa_Baseline: Senta wetu hajui kupasi, Babu.

Babu_Ribaundi: Basi hapo mtakabwa zoni mpaka mechi ya saba.