Dawa za kulainisha choo kwa watoto: tupeane uzoefu

Mleta mada, Jinja
Wazazi wenzangu, mwanangu wa miaka mitatu anafunga choo tangu alipozidisha maziwa ya ng'ombe. Famasi wamenitajia laktulosi, vidonge vya bisakodili na gliserini ya kuweka nyuma. Ninyi mlitumia ipi?

Mama Mapacha, Busia
Laktulosi. Ni tamu mno, wangu waliililia kama soda. Ila usingoje choo leo hii. Inavuta maji kwenye utumbo mpana, kwa hiyo hesabu siku moja hadi mbili. Na mashuzi! Vumilieni tu.

Baba J, Arua
Bisakodili kwa mtoto mdogo, hapana, mpaka daktari aseme. Shemeji yangu aliuziwa kidonge hicho kwenye duka la dawa, akaambiwa akisage achanganye na maziwa. Kidonge kile kimefunikwa makusudi kifike kwenye utumbo kikiwa kizima. Ukikisaga, au ukikipitisha kwa maziwa, kinafunguka mapema. Mtoto alisokotwa tumbo usiku kucha.

Musawo, Mbale
Tatizo ninaloliona zaidi ni wazazi kuacha dawa siku choo kinapotoka. Mtoto aliyeumia hasahau. Utamkuta nyuma ya mlango, kakaza miguu, kasimama kwa ncha za vidole, nanyi mnadhani anasukuma kumbe anabana. Choo kinabaki ndani, kinakauka, mnaanza upya. Kwa hiyo dawa huendelea miezi miwili au zaidi, kisha inapunguzwa taratibu. Miongozo mingi hutanguliza makrogoli, unga wa kukoroga kwenye maji. Ukiikosa, laktulosi inafaa. Gliserini ni ya kuokoa siku, si ya kila wiki. Na chupi ikichafuka kwa kinyesi chepesi, msikimbilie dawa ya kuzuia kuhara. Mara nyingi ni uji unaopenya pembeni ya choo kilichokwama.

Bibi wa Bombo
Sisi tulitumia kipande cha sabuni, watoto wakapona.

Mama Mapacha, Busia
Shikamoo bibi. Sabuni inaunguza huko nyuma, hiyo tuiache.

Mleta mada, Jinja
Musawo, kipi kinipeleke hospitali moja kwa moja?

Musawo, Mbale
Matapishi ya kijani, tumbo kuvimba, damu kwenye choo, au mtoto kukonda. Hapo usinunue chochote famasi. Kama hana hayo, mpeleke kituo cha afya wamguse tumbo na kumpima uzito, kipimo cha dawa kitoke hapo. Maziwa punguza, maji ongeza, papai kila siku.

Mleta mada, Jinja
Hana hata moja. Asubuhi tunakwenda.