Konea nyembamba, lupus, baridi yabisi: mliokwenda kupima laser ya macho, tupeane uzoefu

Mleta uzi (Dar)
Wakuu, navaa miwani ya -7 macho yote, na nina lupus (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) iliyotulia kwa dawa ya hidroksiklorokwini. Nimepimwa kwa ajili ya LASIK (laser ya kuondoa miwani), konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imesoma unene wa mikroni 485. Wengi wako kwenye 540 hivi. Daktari akanipigia hesabu kwenye karatasi: kifuniko kinachokatwa juu ya konea ni kama 110, kila namba moja ya miwani inakula karibu 15, jumla 105. Zinabaki 270. Wengi wanasema usishuke chini ya 250, yeye anataka 300. Na hapo lupus hatujaigusa! Karibuni. Wauza juisi za kuondoa miwani piteni kimya kimya.

Mdau (Mombasa)
Pole dadangu. Mimi nilikuwa 498 lakini -3 tu, na sina ugonjwa mwingine. Nilifanyiwa PRK, ile isiyo na kifuniko: wanakwangua utando wa juu wa konea, wanapiga laser, kisha wanakuvisha lenzi laini ya kulinda kidonda. Siku za mwanzo usiulize. Nilijifungia chumbani, mapazia yote chini, hata mwanga wa simu ulinichoma, machozi kama nimemenya gunia la vitunguu. Kuona sawasawa kulikuja baada ya wiki kadhaa. Ila PRK inategemea kidonda kipone vizuri, kwa hiyo kwa lupus usiione kama njia ya mkato.

Mdau (Nairobi)
Yangu ni baridi yabisi. Konea 560, nene kabisa, na bado nilikataliwa. Walipouliza natumia dawa gani, mambo yakabadilika. Wakaning'iniza kikaratasi kwenye kope la chini dakika 5 kuona machozi yanalowesha kiasi gani. Milimita 4! Chini ya 5 ni ukavu mkali. Nilivyoelezwa, laser inakata neva za konea zinazoamsha machozi, hivyo mwenye macho makavu anaongezewa ukavu. Halafu kinga inayoshambulia mwili inaweza kuharibu uponaji, hata konea ikayeyuka. Haitokei kwa wengi, ila mimi sikutaka kuwa mmoja wao. Nikavaa miwani yangu nikaondoka.

Mdau (Muscat)
Uliza ICL. Lenzi inapachikwa ndani ya jicho, nyuma ya irisi (ile duara yenye rangi), lenzi yako ya asili inabaki pale pale na konea haipunguzwi unene. Mimi nilikuwa -9. Bei imechangamka, na inaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo kliniki huachani nayo. Bado ni upasuaji, daktari wako wa lupus lazima ahusishwe.

Mdau (Arusha)
Mleta uzi, unafikicha macho? Una aleji? Wembamba wakati mwingine ni dalili ya konea inayoanza kuchongoka, na hiyo haiguswi kwa laser. Ulipewa ramani ya konea (kipimo cha umbo lake) au namba ya unene tu?

Mleta uzi (Dar)
Aleji ninayo tangu utotoni, na kufikicha ndiyo mchezo wangu. Ramani sikupewa, naifuata Jumatatu. Nikishaonana na daktari wa lupus nitaleta mrejesho. Wa Muscat, nakuja PM kuhusu bei.