Naomba ushauri: masasisho ya haraka ni dalili ya mfumo mbovu?

Wakuu, habari za leo. Nina steshenari Area C, Dodoma, kompyuta ni moja tu. Mdogo wangu kaweka mfumo endeshi mpya kwenye laptopu yake. Hata wiki mbili bado, masasisho mawili, la pili limemaliza bando la siku nzima. Fundi anasema nguo ikitiwa viraka mapema ilishonwa vibaya.

Nakumbuka Septemba 2014: iOS 8, mfumo endeshi wa iPhone, ilitoka tarehe 17, tarehe 24 ikaja 8.0.1 iliyokata mtandao kwenye iPhone 6, kesho yake 8.0.2 ikarekebisha. Ila viraka vingine si vya kuziba mianya ya usalama tu?

Mfumo huo wa mdogo wangu niuweke sasa kwenye kompyuta ya steshenari au nisubiri? Wanachuo wanaleta ripoti za fildi Jumatatu, printa ikigoma nimekwisha.