Makarani wanangojana kwenye jedwali la maziwa: je, niwashe kufuli za faharasa?

Karani wa Njoro
Habari zenu, wakuu. Natunza hifadhidata ya chama kimoja cha ushirika cha wafugaji hapa upande wa Njoro, nayo iko kwenye SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza data. Kila alfajiri makarani wanne huingiza kilo za maziwa, lakini mmoja akisahihisha kilo za mkulima mmoja tu, wenzake hukwama hadi amalize, na meneja akifungua ripoti ya mwezi foleni ya mitungi hufika barabarani. Isitoshe, kazi ya Jumamosi ya kupanga upya faharasa (orodha za kutafutia data haraka), yaani REORGANIZE, hukatika ikilalamika kwamba kufuli za kurasa (mafungu ya mistari ya data) zimezimwa. Katika sys.indexes, orodha ya faharasa na mipangilio yake, nimekuta allow_row_locks (kufuli za mistari) na allow_page_locks (kufuli za kurasa) zote ni 0, yaani zimezimwa, na aliyenitangulia hakuacha maelezo. Niziwashe zote, au za mistari pekee?

Fundi wa Milimani
Ndugu, dalili zako zina chanzo kimoja. Zikizimwa zote mbili, injini haibakiwi na cha kufunga ila jedwali zima, kwa hiyo kusahihisha kilo kumi na mbili za mkulima mmoja ni kuwafungia wakulima wote. Ziwashe zote, hivyo ndivyo faharasa huzaliwa, na injini yenyewe huamua ifunge mstari au ukurasa. Ukiwasha za mistari pekee makarani watapumua, lakini REORGANIZE itaendelea kukataa. Amri ya kuziwasha, ALTER INDEX ALL pamoja na SET, haijengi faharasa upya, ila hulishika jedwali kwa muda mfupi, basi ngoja maziwa yaishe kupokewa.

Dada wa Kisumu
Nakubaliana na Fundi, ingawa nashuku aliyekutangulia alikuwa akikimbia mkwamo, pale makarani wawili wanaposhikiliana kila mmoja akingoja alichoshika mwenzake, akaona dawa ni kufunga mlango mzima. Ukurasa ni KB 8. Mstari wako ukiwa na baiti 200 hivi, ukurasa mmoja hubeba takriban mistari 40. Hakikisha basi kuna faharasa ya nambari ya mkulima na tarehe, ili sahihisho liende moja kwa moja kwenye mstari wake badala ya kupekua kurasa za wengine.

Kuna jambo moja ambalo swichi hizi hazitibu. Kauli moja ikikusanya kufuli zipatazo 5,000 kwenye jedwali, injini hupandisha kufuli hadi jedwali zima, na hesabu ya malipo ya mwisho wa mwezi inaweza kufika huko kwa urahisi. Igawe mafungu ya mistari 2,000. Kwa ripoti ya meneja, fikiria kuwasha READ_COMMITTED_SNAPSHOT, mpangilio ambao humsomea nakala iliyokwisha thibitishwa bila kumzuia karani, mradi tempdb, hifadhidata ya muda ya SQL Server yenyewe, ina nafasi.

Karani wa Njoro
Asanteni sana. Jana jioni niliziwasha zote, na leo asubuhi makarani wote wanne waliingiza kilo bila kungojana. Hesabu ya malipo ilikuwa kauli moja kweli; nimeanza kuigawa.